Tangi la Kutulizia Nalo Lipanuliwe

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Walimu wetu na wanafunzi wenzangu, najua mada hii haipendezi, na huenda mkataka kuipita upesi mwende kwenye kurasa za vichekesho. Ngojeni kwanza. Nataka kusema juu ya majitaka ya miji yetu, na hasa juu ya tangi moja lisilo na mtetezi.

Kila wakati wa kampeni tunaahidiwa mabomba. Sawa, siyapingi. Katiba ya 2010 katika kifungu cha 43 inatupa haki ya usafi unaoridhisha, na tangu 2013 huduma hiyo iko mikononi mwa kaunti. Katika hesabu ya 2019 Kericho ilikuwa na watu 901,777 na Bomet 875,689, na nyumba za kupanga zinazidi kuota mjini kama uyoga. Lakini bomba halisafishi kitu, husafirisha tu. Je, uchafu ukifika mwisho wa bomba unapokelewa na nini?

Katika mtambo wa kawaida, kama ule wa Kisat kule Kisumu au Kariobangi jijini Nairobi, matambara na mchanga hutolewa kwanza. Kisha maji huingia katika tangi la kutulizia, mwendo wake ukapunguzwa ili uchafu uzame. Baadaye vijidudu hula uchafu ulioyeyuka, na tangi la pili hutenga mabaki yao na maji. Sisi wa nchi ya majani chai hatuhitaji maabara kuelewa jambo hili. Epua sufuria ya chai uiache kando: majani huzama yenyewe. Sasa mwagia humo jagi la maji kwa kishindo. Si majani yote yatapanda juu na kumwagika?

Tufanye hesabu kidogo (wanaochukia Hisabati wanisamehe). Chukua tangi la duara lenye kipenyo cha mita 20. Uso wake ni mita mraba 314. Yakiingia maji mita za ujazo 314 kwa saa, maji hupanda mita 1 kwa saa. Chembe inayozama mita 1.5 kwa saa itashinda, itafika chini. Maji yakiongezeka mara mbili hupanda mita 2 kwa saa, na chembe ile ile inabebwa hadi mtoni. Angalieni kwamba kina hakimo katika hesabu hii. Mhandisi Mmarekani, Allen Hazen, alilieleza hili mwaka 1904: la muhimu ni upana wa uso. Basi mtu akisema ati tuchimbe tangi lile lile liende chini zaidi, mwulizeni juu ya upana.

Na maji huongezeka mara mbili kwa sababu gani? Watu kuongezeka, ndiyo, lakini pia mvua. Mvua yetu mnaijua, ile ya alasiri isiyobisha hodi. Mwenye nyumba anayeunganisha mfereji wa paa lake na bomba la majitaka anapeleka gharika kwenye tangi ambalo halikujengewa gharika. Hapo ndipo ningeanza kama ningekuwa mkubwa wa kaunti: paa zote zitolewe kwenye mabomba hayo, maana ni kazi rahisi kuliko kumwaga zege. Pili, tope litolewe chini ya tangi kwa wakati wake. Likikaa huoza, likatoa gesi na kuelea tena. Tatu, mtaa mpya usiunganishwe kabla ya tangi jingine kujengwa.

Wengine watasema tuchimbe mabwawa makubwa kama yale ya Dandora yaliyoko Ruai. Mabwawa ni mazuri, hayataki mashine nyingi, ila yanataka ardhi tele na joto. Huku kwetu baridi huwachelewesha vijidudu, na ardhi, bwana, imefunikwa na chai hadi ukingoni mwa barabara. Nani atang'oa chai yake apande majitaka?

Kinachonisumbua zaidi ni walio chini ya mto. Nyangores unapita Bomet mjini, unakutana na Amala, unakuwa Mara, unavuka mpaka hadi Tanzania na kuishia Ziwa Viktoria. Njiani kuna ng'ombe, nyumbu, na akina mama wenye mitungi. Maji ya Kericho nayo huenda Sondu hadi Ghuba ya Winam. Kanuni za 2006 ziliruhusu miligramu 30 tu za chembe katika kila lita ya majitaka yaliyosafishwa. Chembe zinazozidi hubeba naitrojeni na fosforasi, chakula cha yale magugumaji yanayowazuia wavuvi wa Kisumu.

Naomba Chama chetu, pamoja na cha Jiografia, kiandike barua ya kuomba ziara kwenye mtambo muhula ujao, na tuende siku ya mvua. Kabla ya kwenda, mtu anionyeshe mfereji wa paa la maabara yetu unamwaga wapi.