Ordinatere ya zamani, tusiiuze mbio



Nyumbani mwetu mtoto anajitayarisha kwa mtihani wa Serikali, katika kikundi katibu anaandika hesabu za likelemba, na ordinatere inachukua dakika tano mbele ya kufunguka. Mara moja tunaambiwa: « Uzeni, nunueni mpya! » Lakini feza ya mashine mpya ni feza ya masomo ya watoto. Tuangalie kwanza disiki.

Disiki ya zamani ina sahani ndani yake, nyingi zinazunguka mara 5.400 kwa dakika, na kichwa kidogo kinasoma juu yake. Disiki ya SSD haina kitu cha kuzunguka. Inahifadhi kama klee ya USB. Ya zamani inasoma karibu mega 100 kwa sekunde, SSD ya aina ya SATA inafika karibu mega 500. Tena haiogopi sana mitikisiko ya barabara ya Kambove na Likasi.

Mbele ya kumpa fundi kazi, tufanye hivi:

1. Tunakili picha, hesabu na masomo pahali pengine. Kama disiki inalia « ka-ka-ka », tunakili leo, si kesho.

2. Fundi afungue na kutuonyesha aina ya disiki na kiasi cha memori. Memori ikiwa giga 2 tu, SSD peke yake haitatosha. Na SSD haiponyeshi betri iliyokufa.

3. Giga 240 au 256 zinatosha kwa masomo na hesabu. Tukiuziwa tera 2 kwa bei ya mkate, ni udanganyifu. Tuijaribu kwa kunakili vitu vikubwa na kuvifungua tena mbele ya kumaliza kulipa.

4. Betri ijae, maana umeme ukikatika katikati ya kunakili, kazi yote inaharibika.

5. Disiki ya zamani irudi mikononi mwetu. Ndani kuna picha za watoto, karatasi za kitambulisho na majina ya wanachama wa likelemba. Ikiwa nzima, tuitie ndani ya kisanduku cha USB, iwe ghala letu.

Kwa mkutano ujao, kila kikundi kiulize bei kwa mafundi wawili, halafu tulinganishe pamoja. Shaba na kobalti za udongo wetu ziko ndani ya mashine hizi. Tusizitupe zingali na nguvu.