Mihadhara ya Mlimani ni yetu pia
Ndugu wazazi, wengi wetu hudhani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni cha waliosajiliwa tu. Sivyo. Mihadhara ya hadhara, kama ile ya Kigoda cha Mwalimu Nyerere kilichoasisiwa mwaka 2008, ni ya watu wote. Wole Soyinka alihutubia hapo mwaka 2009. Likitoka tangazo, ulizeni saa ya kumalizika ili Magharibi isiwapite. Msikiti upo chuoni. Mchukueni binti pamoja na kaka yake, na njiani muwaulize: msemaji alidai nini, na kwa ushahidi gani? Mtoto aliyekwisha kukaa ukumbini hakiogopi chuo. Asiyewahi kukikanyaga hukihesabu kuwa ni cha watoto wa wengine.