Vitendanishi vya maabara: Mnunuzi aulize muda kabla ya bei

WAFANYABIASHARA wanaoagiza vitendanishi vya maabara kutoka nje wamezoea kuanza na swali moja: chupa bei gani? Swali hilo linatosha kwa nondo na sabuni. Kwa rangi zinazong'aa zikimulikwa, ambazo hutumika katika vipimo vya sayansi ya viumbe, mtu anayeuliza bei tu anajitafutia hasara.

Rangi hizo humeza mwanga wa aina moja na kutoa mwingine. Zikiunganishwa na kipande cha DNA au na kingamwili, humwonyesha mtaalamu kama kijidudu au chembe fulani imo ndani ya sampuli. Ndizo zinazotumika katika baadhi ya vipimo vya kifua kikuu na katika kuhesabu chembe za CD4 kwa watu wenye virusi vya Ukimwi.

Tatizo ni kwamba rangi iliyo katika maji haidumu. Mwanga ukishirikiana na oksijeni huichakaza. Maji yenyewe huvunja baadhi ya viungo vyake. Fluoreseini hufifia asidi ikizidi. Kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara huongeza uharibifu.

Wala baridi kali si kinga ya kila bidhaa. Kingamwili zilizounganishwa na rangi ya fikoeritrini hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na hazitakiwi kugandishwa. Karani wa ghala anayeziingiza kwenye friza kwa nia njema aweza kuua shehena nzima kabla ushuru haujalipwa. Kwa macho, chupa itaonekana nzima. Hasara hugunduliwa na mteja, majibu ya vipimo yanapoanza kupotoka.

Viwanda hupambana na hali hiyo kwa kurekebisha pH, kuongeza protini na vihifadhi, na kutumia chupa za kahawia zinazozuia mwanga. Kazi hiyo ina gharama, na ndiyo sababu chupa mbili zenye rangi ileile zaweza kutofautiana bei.

Chukulia mfano. Chupa ya vipimo 100 inauzwa Sh. 600,000, lakini imebakiza miezi 6. Nyingine ya vipimo 100 inauzwa Sh. 800,000 na imebakiza miezi 12. Maabara ya wilaya inatumia vipimo 10 kwa mwezi. Chupa ya kwanza itatoa vipimo 60 na 40 vitamwagwa, kwa hiyo kila kipimo kitagharimu Sh. 10,000. Ya pili itakwisha yote, kila kipimo Sh. 8,000. Rahisi huvunja upishi.

Wapo waliokwepa maji kabisa. Katriji ya Xpert ya kupima kifua kikuu, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani Desemba 2010, hubeba vitendanishi vilivyokaushwa na huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 28. Mtengenezaji wake, Cepheid, alinunuliwa na Danaher mwaka 2016 kwa takriban dola bilioni 4. Fedha hizo hazikulipwa kwa ajili ya ukavu peke yake, lakini kipimo kinachosafiri bila friza hufika mahali ambapo washindani hawafiki.

Hata hivyo, bidhaa kavu si jibu la kila soko. Pakiti ikifunguliwa katika unyevu wa Dar es Salaam au Mombasa huanza kunyonya maji, na unga unaohitaji kuyeyushwa unategemea mkono wa fundi. Maabara kubwa ya mjini, yenye umeme wa uhakika na wagonjwa wengi, bado itanufaika na chupa ya maji iliyo tayari kutumika.

Kwa hiyo mwagizaji adai mambo manne kwa maandishi kabla ya kulipa: miezi itakayobaki siku mzigo unapofika bandarini au uwanja wa ndege, si siku unapotoka kiwandani, muda wa kutumika baada ya chupa kufunguliwa, kifaa cha kurekodi joto ndani ya sanduku, na nani atabeba hasara kipimo cha joto kikionyesha mzigo uliharibika njiani. Muuzaji anayekataa yote manne anataka kumtwika mwenzake hatari yake.

Mwekezaji mdogo anayeshawishiwa kununua hisa katika kampuni ya vifaa vya maabara naye asiridhike na thamani ya mali iliyoandikwa kwenye vitabu. Aombe orodha ya bidhaa ghalani pamoja na tarehe zake za mwisho. Mzigo wa mamilioni uliobakiza miezi miwili, bila mnunuzi, usihesabiwe kuwa mtaji. Huo ni mzigo unaosubiri kuteketezwa, na gharama ya kuuteketeza italipwa na wenye hisa.