Kuteleza Si Kuanguka

Tangu Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, tumezoea kuzitaja ngoma, lugha na sanaa za ufundi kuwa nguzo za utamaduni wetu. Michezo huitaja baadaye, na michezo ya wanawake huja nyuma ya yote, kama mgeni aliyekuta karamu imekwisha. Sisi twaukataa mpangilio huo. Tabia ya taifa huonekana katika namna linavyowapa watu wake nafasi ya kujaribu, kukosea na kujaribu tena. Kwa sababu hiyo, utaratibu wa kufuzu kwa Kombe la Mataifa ya Afrika la Wanawake si shauri la makocha na makatibu wa vyama peke yao. Ni shauri la haki, nalo latuhusu sote.

Tuanze na wanaume. Katika kuwania fainali za Afrika za 2025, Taifa Stars ilipangwa kundi moja na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Guinea na Ethiopia. Mwezi Oktoba 2024 vijana wetu walifungwa na Kongo mara mbili, ugenini na kisha nyumbani. Lau ungekuwa mchezo wa mtoano, safari ingeishia hapo. Lakini kundi lilikuwa na mechi 6. Wakaishinda Ethiopia, na tarehe 19 Novemba wakaifunga Guinea bao 1 kwa 0 Dar es Salaam. Walimaliza na pointi 10 na nafasi ya kwenda Moroko. Taifa zima lilishangilia, wala hakutokea mtu wa kuuliza kwa nini waliofungwa mara mbili walipewa fursa nyingine. Wahenga walikwisha kujibu: kuteleza si kuanguka.

Sasa tuwatazame dada zao. Twiga Stars, katika kuzitafuta fainali zilizochezwa Moroko mwezi Julai 2025, haikupangwa katika kundi lolote la kufuzu. Septemba 2023 ilikutana na Côte d'Ivoire katika mechi mbili. Kila upande ulishinda kwao, na mikwaju ya penalti ikaamua. Tukapita sisi, kisha tukaitoa Togo kwa jumla ya mabao 3 kwa 2. Wenzetu wa Côte d'Ivoire, waliocheza Kombe la Dunia mwaka 2015, walirudi makwao baada ya mechi 2, moja wakiwa wameishinda. Furaha yetu ilikuwa halali, lakini ushindi usitupofushe. Mkwaju uliowatoa wao ungeweza kututoa sisi. Kwao wanawake, kuteleza ndiko kuanguka.

Utaratibu huohuo ulitumika tena kwa fainali za 2026: mzunguko mmoja Februari 2025, wa pili Oktoba. Aliyetolewa Februari aliambiwa akae. Kisha, mashindano yajayo yakifika, husikika sauti zikisema kwamba wanawake hawajafikia kiwango. Twauliza: kiwango hicho huokotwa wapi, kama si uwanjani? Huko Moroko Twiga Stars ilitoka sare ya 1 kwa 1 na Afrika Kusini, mabingwa wa 2022. Wenye kufanya hivyo kwa mazoezi machache ya kimataifa wangefanya nini wakipata mechi 6 za haki?

Wapo watakaotuonyesha mfano wa Ulaya. Katika kufuzu kwa Kombe la Dunia la 2023, timu za huko zilipangwa katika makundi 9 ya timu 5 au 6, na Novemba 2021 Uingereza ikaifunga Latvia mabao 20 kwa 0. Je, ndiyo aibu tunayoitaka? Hatuitaki. Lakini Ulaya haikuwafukuza wanyonge kundini; tangu 2023 iliwagawa katika madaraja matatu, kila timu icheze na walio karibu nayo kwa uwezo, kukiwa na kupanda na kushuka. Aliyeona mtoto anashindwa na mzigo akampunguzia mzigo ana busara kuliko aliyemfungia ndani.

Wengine watataja gharama, na hoja hiyo ni nzito, maana nauli za ndege katika bara letu ni ghali. Lakini mtoano nao hugharimu safari nzima kwa mechi moja ya ugenini. Kanda yetu imekwisha kuzikusanya timu za wanawake katika mji mmoja: Jinja mwaka 2016, Kigali 2018, Dar es Salaam 2019. Basi timu 4 zikutane mahali pamoja, zicheze mechi 3 kila moja, na safari moja ilete mafunzo matatu.

Tunachodai si upendeleo. Viongozi wetu wa kandanda wana sauti katika vikao vya Shirikisho la Afrika, waitumie. Wakiona kundi la kufuzu ni haki ya kaka, hawana budi kueleza hadharani kwa nini si haki ya dada. Nasi, kabla ya kumwita binti aliyetolewa kwa penalti moja kuwa ameshindwa, tujiulize kwanza tulimpa mechi ngapi.