Nguva, jarife na hati ya Abu Dhabi

Baada ya sala ya laasiri nilikaa barazani Lamu na mzee mmoja aliyevua tangu utotoni, mpaka magoti yalipomkatalia kupanda mashua. Nilikuwa na karatasi mkononi, nikamsomea habari ya Disemba 2022: shirika la kimataifa la kuhifadhi viumbe, IUCN, limemweka nguva wa pwani ya Afrika Mashariki katika daraja ya mwisho kabla ya kutoweka. Wazima waliosalia, toka kwetu mpaka Msumbiji, wanakadiriwa kuwa chini ya 250, na wengi wao wako Bazaruto, huko huko Msumbiji.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho, akatema tambuu. "Mwanangu," akasema, "hao walioandika wamechelewa. Sisi tuliacha kumuona zamani."

Wasomaji vijana huenda wakamjua nguva kwa hadithi tu, yule mwanamke wa baharini mwenye mkia wa samaki. Waama, lugha yetu imewachanganya wawili hao katika neno moja. Waarabu wa Ghuba wao humwita nguva ng'ombe wa bahari, na jina hilo limemkaa vyema zaidi, kwani kazi yake ni kulisha. Hula nyasi za baharini, zile zinazoota kwenye maji machache nyuma ya miamba. Hana magamba wala matamvua, anavuta pumzi kama mimi na wewe, na jike hunyonyesha kwa matiti yaliyo chini ya makwapa. Wazee wetu walilitazama umbile hilo wakaingiwa na shaka juu ya mvuvi aliyekaa naye peke yake baharini. Ndiyo sababu pahala pengi pwani mvuvi aliyerudi na nguva aliapishwa kwanza, ndipo nyama ikauzwa. Sitaki kwenda mbali zaidi ya hapo, maana ukurasa huu husomwa na watoto.

Nyama yake ilipendwa. Na kama kuna atakayeniuliza hukumu, nitamjibu nilivyosomeshwa chuoni: katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, kauli mashuhuri ni kwamba windo la bahari ni halali. Sote tumeisikia habari ya jeshi la Abu Ubayda, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, lililoshikwa na njaa hata likala majani, kisha likakuta mnyama mkubwa ametupwa na bahari, likala kwa siku nyingi. Hayo hayana ubishi. Lakini kilicho halali si lazima kiliwe mpaka kiishe. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliitenga Naqi, karibu na Madina, iwe hima, malisho yasiyoguswa na kila mtu. Sayyidna Umar naye akatenga Rabadha. Basi fikra ya kuzuia pahala kwa maslahi ya wote haikuletwa kwetu na Mzungu kwa ndege.

Nasema hivi kwa sababu nimewasikia watu misikitini wakidai uhifadhi ni njama ya kuwanyang'anya Waislamu bahari yao. Nitarudi kwenye dai hilo, kwani lina sehemu ya ukweli.

Kwanza tuitazame hati yenyewe. Tarehe 31 Oktoba 2007, mjini Abu Dhabi, mataifa yenye nguva yalianza kutia sahihi maafikiano ya kumlinda yeye na malisho yake. Maafikiano hayo yako chini ya Mkataba wa Bonn wa 1979 unaohusu wanyama wahamao. Kenya imo, Tanzania imo, na Ngazija na jirani zake wa Komoro wamo. Ofisi yake imewekwa Abu Dhabi, wala si kwa bahati. Maji ya huko yana nguva wapatao 3,000, na Ghuba nzima ni ya pili duniani baada ya Australia. Ghuba ilijifunza kwa msiba. Mwaka 1983, katika vita vya Iran na Iraki, visima vya Nowruz vilivuja mafuta na mizoga ya nguva ikatupwa pwani kwa makumi. Watafiti waliporuka kwa ndege mwaka 1986 kuhesabu waliosalia, walikuta kundi moja lenye zaidi ya 600 baina ya Bahrain na Qatar. Kundi moja tu! Huku kwetu hesabu za ndege za miaka ya 1990 ziliwapata wa kuhesabika kwa vidole.

Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2008, ndugu zetu wa Afrika Magharibi walikutana Lomé, Togo, wakaandika hati ya aina hiyo hiyo kwa ajili ya binamu yake nguva, yule anayeishi katika mito na vinamasi kuanzia Senegal mpaka Angola. Humo wakawaingiza na pomboo. Walifanya la maana, kwani wote hao huvuta pumzi juu ya maji na wote huuawa na kitu kimoja, wavu.

Hati zote mbili hazina meno. Ni maelewano, si sheria. Nchi isiyotimiza haishitakiwi popote. Tatizo ni kwamba nguva hana haraka. Jike hubeba mimba zaidi ya mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja, kisha hukaa miaka mitatu hadi saba ndipo azae tena. Penye nguva ishirini, kufa jike mmoja kila mwaka katika jarife kwatosha kuwamaliza. Na jarife halikuwekwa kwa ajili yake. Limetegwa usiku kwa papa na taa na jodari, naye akapita, akanasa, akakosa pumzi. Asubuhi mvuvi anakuta maiti. Mvuvi huyo ametenda dhambi gani?

Kwa pomboo hesabu inatisha. Utafiti uliotolewa mwaka 2020 ulikadiria kwamba nyavu za jodari katika Bahari ya Hindi ziliua pomboo na jamii zake milioni 4.1 baina ya 1950 na 2018. Nyingi ya nyavu hizo ni za Iran, India, Pakistan, Sri Lanka, Indonesia na Oman, na ukitazama orodha hiyo utaona zaidi ya nusu yake ni watu wa kibla kimoja nasi. Lakini Pakistan hiyo hiyo imetupa habari njema. Manahodha wa huko walikubali kuteremsha nyavu zao mita mbili chini ya uso wa maji badala ya kuzielekeza juu. Pomboo walionaswa wakapungua mno, na jodari hawakupungua kwa kiasi cha kumtia mvuvi hasara. Mita mbili za kamba! Hapo ndipo ninapoona ushirikiano wa mataifa una maana, nahodha wa Karachi kumfundisha nahodha wa Kizingitini, kuliko mawaziri kupeana kalamu.

Sasa nirudi kwenye lile dai. Mvuvi wa Lamu anaambiwa aache jarife, naye ameyaona makubwa kuliko jarife. Katika Ghuba ya Ungwana, pahala pa nguva tangu zamani, meli za kukokota nyavu za kamba zilisimamishwa mwaka 2006, kisha zikaruhusiwa tena. Bandari mpya ya Lamu, iliyofungua gati yake ya kwanza Mei 2021, ilichimbiwa mkondo, na mchanga wake haukuuliza chini kuna nyasi za nani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe fidia ya zaidi ya shilingi bilioni 1.7. Mahakama basi imekiri kwamba aliyeharibu bahari si mwenye mashua peke yake. Kumwekea sheria maskini na kumfungulia njia mwenye meli ni jambo ambalo hata mtoto wa chuoni angelikataa.

Lakini hilo si hoja ya kukaa bure. Kisiwani Misali, Pemba, eneo lililofanywa hifadhi mwaka 1998, masheikh waliingizwa katika kazi hiyo, wakawasomesha wavuvi wajibu wa Muislamu juu ya viumbe. Kuruwitu, huku kwetu, wavuvi wenyewe walitenga tengefu lao mwaka 2005 bila kungoja waziri. Hawa wameonyesha kwamba amri hushika inapotoka barazani.

Nilimweleza mzee wangu habari ya zile mita mbili. Akamwita mjukuu wake, ambaye ana jarife mpaka leo, akamtaka asikie mwenyewe. Kijana aliuliza jambo moja tu: kamba hizo na maboya ya kuzishika ni za bei gani, na je, hati ya Abu Dhabi ina fungu la kuzinunua? Nimeahidi kulipeleka swali lake ofisi ya uvuvi ya kaunti, na nitakalojibiwa nitaliandika papa hapa.