MAONI: Chihiro alirudi nyumbani kwa jina lake, watoto wa Fizi watarudi kwa wimbo gani?

Msichana wa miaka 10 amejilaza kwenye kiti cha nyuma cha gari, ameshika maua mkononi. Wazazi wake wanahamia mji mwingine, na yeye hataki kuhama. Piano inapigwa taratibu. Ndivyo inavyoanza Spirited Away, filamu ya katuni ya Mjapani Hayao Miyazaki, iliyotoka mwaka 2001 na kushinda tuzo ya Oscar mwaka 2003. Muziki wake, uliotungwa na Joe Hisaishi, unapendwa hadi leo hata na watu wasiojua neno moja la Kijapani.

Katika Fizi na Baraka, mtoto kuhama bila kupenda si jambo la katuni. Mwaka 1996 maelfu ya watu wa Kivu Kusini, wengi wao Wabembe, walivuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa mkoani Kigoma, Tanzania. Tangu mwaka 2015 Fizi nayo imewapokea Warundi katika kambi ya Lusenda. Na kila mapigano yanapozuka milimani, familia hushuka kuelekea ziwani na vitu vichache kichwani. Ndiyo maana filamu hii ya mbali ina jambo la kuwaambia wakaaji wa Fizi.

Ndani ya filamu, msichana huyo, Chihiro, anapotea katika ulimwengu wa mizimu. Mchawi aitwaye Yubaba anamnyang'anya jina lake na kumpa jingine fupi, Sen. Kijana aitwaye Haku anamwonya kwamba akilisahau jina lake la kweli, hatapata njia ya kurudi nyumbani. Haku anajua anachosema, kwa sababu yeye mwenyewe amekwisha kulisahau lake.

Muziki wa filamu hiyo haukuwekwa mwishoni kama pambo. Kabla filamu haijatoka, Hisaishi alikwisha kutunga albamu nzima kutokana na mawazo ya Miyazaki kuhusu hadithi yenyewe. Katika sehemu inayokumbukwa sana, Chihiro anasafiri kwa treni inayopita juu ya maji, karibu hakuna anayesema neno, na muziki ndio unaosimulia. Wimbo wa kufunga filamu unaimbwa na mwanamke mmoja, Yumi Kimura, akijipigia kinubi kidogo. Sauti moja na nyuzi chache zimetosha kubaki katika masikio ya watu kwa zaidi ya miaka 20.

Wazee wa Fizi hawahitaji kufundishwa jambo hilo. Hapa, kama kwingi katika Kivu, hadithi ya jioni ina wimbo ndani yake. Msimulizi akifika pale mtoto anapomwita mama yake, au mwindaji anapopotea porini, anaacha kusema na kuanza kuimba, na wasikilizaji wanaitikia. Wimbo ndio msumari unaoshikilia hadithi. Mtu aliyesahau nusu ya maneno akianza kiitikio, hadithi inamrudia.

Msumari huo sasa unalegea. Ni rahisi kuzilaumu simu na filamu za nje, lakini hiyo si haki. Kilichovunja jioni hizo kwanza ni kukimbia. Bibi amebaki upande huu wa ziwa, mjukuu amezaliwa Nyarugusu, na mwingine amepelekwa Marekani. Hadithi inaweza kusimuliwa kwa Kiswahili na mtoto akaielewa. Wimbo wake mara nyingi umebaki katika Kibembe, na msimulizi akiona hakuna wa kuitikia, anauruka. Hadithi isiyo na wimbo husahaulika upesi.

Wapo watakaosema kwamba eneo lenye njaa, wakimbizi na bunduki halina muda wa kuhangaikia nyimbo za watoto. Hoja hiyo ina uzito. Chakula na usalama hutangulia, na hakuna wimbo unaoziba tundu la risasi. Lakini amani ikipatikana huku wanaojua nyimbo wamekwisha kufa, hakuna shirika litakaloleta nyimbo hizo kwa lori. Barabara ikiharibika hutengenezwa. Mzee akizikwa, amezikwa na alichokuwa nacho.

Mfano uko karibu. Mwaka 1956, katika eneo la Wanyanga huko Walikale, msimulizi Shekarisi Rureke alimwimbia mtafiti Daniel Biebuyck na wenzake habari za shujaa Mwindo, na mwaka 1969 utenzi huo ukatolewa kama kitabu. Leo Mwindo anasomwa katika vyuo vikuu vya Marekani. Hilo ni jambo la kujivunia, lakini kitabu kinabeba maneno tu. Mtoto anayekisoma haisikii sauti ya Rureke, wala hajui kiitikio kilipanda wapi na kushuka wapi.

Leo kazi hiyo inaweza kufanywa bila mtafiti kutoka mbali. Simu ya kawaida inarekodi sauti. Redio za jamii za Fizi na Baraka zinaweza kutenga robo saa jioni moja kwa wiki: mzee mmoja, hadithi moja, wimbo wake, pamoja na jina lake na kijiji chake. Sekta nne za Fizi, yaani Mutambala, Tanganyika, Lulenge na Ngandja, zipewe zamu. Walimu wawape wanafunzi kazi ya kuleta wimbo mmoja kutoka nyumbani.

Mipaka nayo iheshimiwe. Nyimbo za jando na za vyama vya siri hazikutungwa kwa ajili ya redio, na wenyewe ndio wa kusema ni ipi ya wazi na ipi si ya wazi. Mwenye wimbo aombwe ruhusa, atajwe, na kama kuna fedha inayopatikana, apate sehemu yake.

Karibu na mwisho wa filamu, Chihiro anamrudishia Haku jina lake. Haku ni roho ya mto uliofukiwa ili nyumba zijengwe juu yake, na Chihiro aliwahi kuanguka katika mto huo akiwa mdogo. Yeye mwenyewe hakumbuki siku hiyo. Analijua jina la mto kwa sababu mama yake alimsimulia.

Mtoto wa Kibembe aliyezaliwa Nyarugusu naye hawezi kuikumbuka Fizi ambayo hajawahi kuiona. Anachoweza kuwa nacho ni kile ambacho mtu mzima alichukua muda kumsimulia, na kumwimbia.