Ujira wa Mshika Mwiko

Mzazi anayemsomesha mwanawe sheria hutaraji kumwona siku moja mahakamani, amevaa joho, akitetea haki za watu. Akisikia kwamba mwana huyo amefungua mgahawa, huenda akaona ada yote imepotea bure. Tumtazame Muislamu mmoja aliyeipita njia hiyo, kisha tujiulize kama elimu yake ilipotea kweli.

Bi Asma Khan alizaliwa Kolkata, India, mwaka 1969. Mwaka 1991 alifuatana na mumewe kwenda Cambridge, Uingereza, ilhali hajui hata kuinjika chungu. Ugeni ulimfanya akione kiu cha chakula cha kwao. Alijifunza kupika kwa shangazi yake aliyekuwa huko, kisha akarudi India kujifunza kwa mama yake na kwa mpishi wa nyumbani kwao. Baadaye alisoma sheria London, akafikia shahada ya udaktari katika sheria ya katiba katika chuo cha King's.

Mwaka 2012, akiwa na shahada hiyo, alianza kuwapikia nyumbani kwake wageni wanaolipa. Mwaka 2017 akafungua mgahawa wa Darjeeling Express katikati ya London. Biriani yake ya Kolkata, yenye mbatata ndani, ni ndugu wa biriani ya pwani yetu. Bahari iliyoleta nguo na shanga za Gujarati hapa Kilwa ndiyo iliyotuunganisha na meko ya kule.

Wapishi wake wote ni wanawake, wengi wao wahamiaji kutoka Asia ya Kusini. Hawakusomea upishi katika chuo chochote. Walikuwa mama wa nyumbani, na wengine yaya wa kulea watoto wa watu. Bi Asma aliyatambua maarifa waliyorithi kwa mama zao kuwa ni taaluma, akayalipia kama taaluma. Vilevile, kwa kuwa yeye ni binti wa pili, na katika familia nyingi za kwao binti wa pili hupokewa kwa huzuni, alianzisha mfuko wa kuzipelekea zawadi familia zilizojaaliwa binti wa aina hiyo. Qur'ani, katika Suratun Nahl, iliwakemea zamani wale ambao nyuso zao zilisawijika walipobashiriwa mtoto wa kike.

Kwa hiyo elimu ya Bi Asma haikupotea. Sheria ni elimu ya kumpa kila mwenye haki haki yake, naye amekwenda kuitumia mahali ambapo haki husahaulika upesi, yaani jikoni.

Sasa tujitazame sisi wa Kikole na majirani zetu wa pwani ya Lindi. Ukiingia Mfungo Sita, maulidi husomwa kijiji kwa kijiji. Kamati hukaa na kupanga bei ya mchele, ng'ombe, kuni, maturubai na vipaza sauti. Mwenye maturubai hulipwa, na mwenye vipaza sauti hulipwa. Wanawake wanaokesha wakichambua mchele na kukoroga masufuria ya pilau huambulia dua na ukoko. Wengi wao ni mama lishe. Siku wanayotupikia sisi ni siku ambayo hawakuuza.

Anayejitolea kwa radhi yake ana thawabu zake, na wala hatumzuii. Lakini kujitolea ni kwa aliyeulizwa akakubali. Tukimchukulia mtu kuwa lazima atoe, tumemtoza. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliusia mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na mpishi wa maulidi hakutengwa katika wasia huo.

Napendekeza mambo mawili. La kwanza, kila kamati iandike katika bajeti yake fungu la ujira wa wapishi, kabla ya fungu la maturubai. Asiyetaka malipo atasema mwenyewe.

La pili linawahusu vijana wetu waliosoma sheria. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba, jambo ambalo Muislamu hana budi kulizingatia. Kikundi kikitaka kusajiliwa huulizwa katiba yake, na hapo ndipo mama lishe wengi hukwama. Kijana mwanasheria akija likizo, akiketi nao alasiri moja chini ya mwembe na kuwaandikia katiba hiyo, atakuwa ameifanya kazi ya joho lake barabara, hata kama nguo yake itanuka moshi wa kuni.

Wallahu aalam.